Viporo Ndivyo Vinavyotukesha

Saa 8 usiku nyumba imetulia, mwili umechoka, na macho bado makavu. Kinachomkesha mtu saa hiyo mara nyingi si janga. Ni ujumbe alioupokea asubuhi akasema atajibu baadaye. Ni fomu iliyobaki sehemu mbili tu za kujaza. Ni neno alilomwambia mwenzake kazini, lililotoka kali kuliko alivyokusudia. Ni deni dogo ambalo tarehe yake imepita juzi na mdai bado hajasema kitu, na kule kunyamaza kwake kunauma kuliko kelele. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kumalizwa saa 8 usiku, na ndiyo saa yanapokuja yote, kila moja likitaka lisikilizwe kwanza.

Mtu huyu akiomba ushauri ataambiwa aende mapumziko, akae karibu na maji, asikilize muziki laini, awaze mema. Hayo yana raha yake na hakuna ubaya kuyafanya. Ila yanamkuta na mzigo, yanampumzisha nao begani, na akirudi anaendelea kuubeba. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya utulivu wa nafsi tunaoupoteza katika siku za kawaida hupotelea kwenye viporo: mambo tuliyoyaanza bila kuyamaliza, tuliyoyaahidi bila kuyatimiza, tuliyoyabeba moyoni bila kuyatamka. Utulivu hurudi kidogo kidogo, kila kiporo kinapofungwa, kinapopewa tarehe au kinapoachwa kwa kauli iliyo wazi. Ligi yenye mechi za viporo msimamo wake hausomeki sawasawa mpaka zichezwe, na nafsi ni hivyohivyo. Wahenga waliposema dawa ya deni kulipa, walisema jambo linalogusa fikra kama linavyogusa fedha.

Saikolojia imelichunguza hili kwa karibu miaka 100. Mwaka 1927, huko Berlin, mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio ambamo watu walipewa kazi ndogo ndogo nyingi. Nyingine wakaachwa wazimalize, nyingine wakakatizwa katikati. Walipoulizwa baadaye, walizikumbuka zile zilizokatizwa karibu mara mbili ya zilizokamilika. Watafiti waliorudia majaribio hayo miaka ya mbele hawakupata majibu yaleyale kila mara kuhusu kumbukumbu. Lakini mwenzake Zeigarnik, Maria Ovsiankina, alionyesha mwaka 1928 jambo lililosimama imara zaidi: mtu aliyekatizwa huirudia kazi yake mwenyewe akipata nafasi, bila kuambiwa na bila kulipwa. Kazi iliyokatwa katikati inabaki inamvuta. Kisha mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister wakaongeza kipande ambacho naona ndicho chenye manufaa kuliko vyote. Watu wenye jambo lisilokamilika walisumbuliwa nalo hata walipokuwa wakisoma kitu kingine kabisa. Waliopewa nafasi ya kupanga kwa undani namna watakavyolifanya, usumbufu ulipungua kabla hata hawajaligusa. Akili ilitosheka kujua litafanyika lini na kwa njia gani.

Hapo ndipo pa kuanzia kazi, na vifaa vyake ni daftari moja na kalamu. Simu isitumike mara ya kwanza, maana ukiifungua kutafuta mahali pa kuandika utakutana na mengine matano kabla hujaandika la kwanza. Tenga dakika 20, kaa mahali pamoja, uandike kila jambo lililokukaa kichwani, kila moja mstari wake, bila kulipanga wala kulipima uzito. Usishangae orodha ikipita mistari 30. Mambo ya kwanza hutoka mbio: bili, simu ya kupiga, taa iliyoungua. Halafu kunaingia kimya cha dakika moja au mbili, na wengi huweka kalamu chini wakidhani wamemaliza. Wakae. Yaliyo mazito hukaa chini na huchelewa kutoka: uchunguzi wa afya ulioahirishwa tangu mwaka jana, ndugu ambaye hamjasalimiana miezi, mkataba uliotiwa saini bila kusomwa.

Orodha hiyo peke yake haitulizi mtu. Wengine humaliza kuiandika wakiwa na wasiwasi zaidi ya walivyoanza, na sababu inajulikana: wameandika majina ya mambo, hawajaandika matendo. "Suala la bima" ni jina. Ukilitazama linakutisha tu. "Jumatano saa 4 asubuhi, piga simu, uliza ni karatasi gani inakosekana" ni tendo. Kipimo chake ni rahisi: mtu mwingine akipewa mstari huo aweze kuufanya bila kukuuliza swali. Kama lazima aulize, mstari bado haujaiva. Kwa hiyo rudi juu ya orodha na ugeuze kila jina kuwa tendo la kwanza, hilo tu la kwanza, lenye siku na saa. Lile linalochukua chini ya dakika 5 lifanye papo hapo. Lile ambalo kwa kweli hutalifanya, likate kwa mstari mmoja. Na kama kuna mtu anayelisubiri, mwambie. Kuacha jambo kimoyomoyo hakulifungi, kwa sababu yule anayesubiri bado anasubiri, nawe unalijua hilo kila unapoliona jina lake.

Baada ya hapo inabaki kazi ya dakika 5 kila jioni. Michael Scullin na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la vijana 57 waliolala maabara: nusu waliandika kwa dakika 5 kabla ya kulala mambo yanayowasubiri siku zinazofuata, nusu wakaandika waliyokwisha kuyakamilisha. Walioandika yanayowasubiri walipata usingizi mapema zaidi kwa takriban dakika 9, na kadiri mtu alivyoandika mambo mengi na kwa undani ndivyo alivyowahi kulala. Inashangaza kidogo, maana wengi wetu tungedhani kuyatazama ya kesho ndiko kunakofukuza usingizi.

Daftari hili huharibika kwa njia tatu, na kila moja ina tiba yake. Ya kwanza ni kupanga mambo 12 kwa siku moja, yakafanyika mawili, ukalala umeshindwa. Weka matatu, ukiyamaliza ongeza la nne. Ya pili ni jambo lilelile kuhamishwa siku hadi siku. Likihamishwa mara tatu, liulize lina nini: ni kubwa mno na linahitaji kugawanywa, au unaliogopa na unahitaji mtu wa kukaa nawe ukilifanya, au hulitaki na imefika saa ya kulikataa. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, nayo ni kuandika halafu usilifungue daftari siku tatu. Akili ni kama mzee aliyemkabidhi mlinzi mpya geti: akimkuta amesinzia, anarudi kulinda mwenyewe, na kumshawishi aende kulala tena ni kazi.

Yapo mawazo yasiyokubali daftari. Yanakuja, unayafukuza, yanarudi na ndugu zao. Hapa watu wengi hukosea kwa nia njema kabisa, kwa sababu wamefundishwa kwamba mtu mtulivu hana mawazo mabaya. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, Marekani, waliwaomba watu waseme yanayowapitia kichwani kwa dakika 5 bila kumfikiria dubu mweupe, na wapige kengele kila atakapowajia. Kengele zililia. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, alijaa vichwani mwao kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Ili uhakikishe humfikirii dubu, sharti sehemu fulani ya akili iendelee kumtafuta. Anayesimama mlangoni kuzuia ndiye anayemwona kila anayekuja. Ndiyo maana "usiwaze" ni ushauri usiofaa, hata ukitoka kinywani mwa mtu anayekupenda.

Njia inayofaa zaidi ni kuliahirisha wazo kwa miadi. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake waliwapa watu wenye wasiwasi mwingi utaratibu huu: wapange nusu saa kila siku, saa ileile na mahali palepale, iwe ndiyo saa ya kuhangaika, wasiwasi ukija saa nyingine, waahirishe hadi hapo. Baada ya wiki nne, muda waliotumia kwa siku wakihangaika ulipungua. Ukitaka kuifuata njia hii, chagua saa iliyo mbali na kulala, tuseme saa 11 jioni, na kiti ambacho si kitanda wala meza ya kazi. Wazo likija saa 5 asubuhi, liandike kwa maneno matatu na uliambie, hata kwa sauti: nimekusikia, tukutane saa 11. Kisha rudi kwenye ulichokuwa unakifanya. Litarudi baada ya dakika mbili. Liahirishe tena bila hasira.

Saa ikifika, timiza miadi. Anayeiruka kwa kuwa "leo najisikia vizuri" ataona kesho mawazo hayakubali kuahirishwa. Lichukue kila wazo uliulize kama lina tendo. Likiwa nalo, liende daftarini. Lisilo na tendo liendeleze mpaka mwisho wake. Wasiwasi una tabia ya kukata sentensi pale inapotisha zaidi: "Nikiachishwa kazi..." na hapo moyo unapasuka, unarudi mwanzo, unaanza tena. Iendeleze kwa maandishi. Nikiachishwa kazi, wiki ya kwanza nitafanya nini? Akiba itanifikisha mwezi gani? Nitamwambia nani kwanza? Sentensi ikifika mwisho inabaki na uzito wake, lakini inaacha kujirudia, na kule kujirudia ndiko kulikokuwa kunakuchosha.

Yote haya yanadai akili iliyotulia kiasi cha kushika kalamu, na kuna nyakati roho iko juu mno. Umegombana sasa hivi, au umepata habari iliyokushtua. Mikono ina baridi, moyo unadunda, kinywa kimekauka. Usijadiliane na nafsi yako saa hiyo. Adrenalini imeshamwagwa kwenye damu na mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Hoja nzuri haitasikika. Anza na pumzi, maana ni kazi ya mwili inayojiendesha yenyewe na bado inakubali kuongozwa. Ukitoa hewa, mapigo ya moyo hupungua kidogo kupitia vagasi, neva inayounganisha ubongo na moyo, ukivuta, huongezeka. Kwa hiyo kinachotuliza ni ile pumzi ya kutoka, nayo inapaswa kuwa ndefu kuliko ya kuingia.

Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Lengo ni kushuka hadi 6 hivi: vuta kwa pua ukihesabu sekunde 4, toa kwa sekunde 6, kwa dakika 5. Weka kiganja juu ya kitovu. Tumbo ndilo linyanyuke, mabega yabaki chini. Kosa la kawaida ni kuvuta hewa nyingi kwa nguvu, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Ukifanya hivyo mfululizo unaondoa kabonidayoksaidi nyingi mno mwilini, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafanya ganzi, na mtu anadhani hali inazidi kuwa mbaya. Hewa iwe ya kawaida, polepole tu. Sekunde 6 zikikushinda, anza na 3 kuingia na 4 kutoka. Na wako watu ambao kufumba macho na kusikiliza pumzi kunawazidishia hofu. Hilo si kasoro yao. Hao wafumbue macho, wasimame, watembee kwa kasi dakika 10, na pumzi itajipanga yenyewe baadaye.

Kuhusu simu nitasema machache, maana yamesemwa sana. Kila arifa inayoingia ni kiporo kipya: umeiona, hujaijibu, inakaa. Zima arifa zote isipokuwa simu zenyewe na ujumbe wa watu ambao kweli wanaweza kukuhitaji ghafla, kisha uwe na nyakati mbili au tatu kwa siku za kufungua na kujibu mpaka umalize. Ujumbe usioweza kujibu usiufungue. Ukishaufungua, andika angalau "Nimeupata, nitakujibu kesho jioni", na kesho jioni ujibu.

Viporo vizito kuliko vyote ni vya watu. Hapa daftari linafikia mwisho wake, kwa sababu kiporo kina mwenzako ndani yake. Chukua deni lililochelewa. Mdaiwa humkwepa mdai kwa aibu, anabadilisha njia, anaacha kupokea simu. Na kila siku ya kukwepa inaongeza riba ambayo haimo kwenye mkataba. Kumbe mdai mara nyingi anakasirishwa na kimya kuliko ucheleweshaji. Ujumbe unaofunga kiporo hiki unatumwa kabla ya tarehe na una namba ndani yake: "Kaka, nilikuahidi Ijumaa. Zote sitakuwa nazo. Ijumaa nakuletea nusu, iliyobaki tarehe 15. Samahani kwa usumbufu." Usieleze matatizo yako yote, maelezo marefu humfanya msomaji atafute uongo. Na ile nusu ifike Ijumaa, ikiwezekana Alhamisi.

Kuomba radhi nako kuna ufundi wake. "Samahani kama nilikukwaza" haifungi kitu, kwa sababu ile "kama" inamrudishia mwenzako kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Taja tendo: "Dada, jana nilikukatiza mbele ya wenzetu nikasema huelewi kazi. Lilikuwa neno baya na halikuwa kweli. Kesho kwenye kikao nitalisahihisha mbele yao." Kisha nyamaza. Usimwulize kama amekusamehe. Hiyo ni kumdai malipo. Anaweza kuchukua wiki, anaweza asisamehe kabisa. Upande wako umefungwa, na upande wake ni wake. Epiktetosi, mwanafalsafa wa kale aliyewahi kuwa mtumwa, alijenga mafundisho yake yote juu ya kutenganisha yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu. Radhi iliyoombwa vizuri ni mahali ambapo mpaka huo unaonekana kwa macho.

Na wewe ukiwa uliyekosewa? Kinyongo kinadumu kwa sababu kina swali lisilojibiwa: alijua anachofanya? Ikiwa mtu huyo yupo na ni salama kumwuliza, mwulize, kwa sentensi moja, mkiwa wawili. Ikiwa si salama, usiulize. Naliweka hili wazi kwa sababu mafundisho ya amani ya moyo hutumiwa mara nyingi kuwashikilia watu pale wanapoumizwa. Anayepigwa nyumbani, anayenyimwa mshahara wake, anayetishwa, wasiwasi wake ni kengele inayolia kwa haki. Haizimwi kwa pumzi za sekunde 6. Kinachotakiwa kwanza ni msaada na njia ya kutoka.

Vilevile, majonzi au kukosa hamu ya kila kitu kukiendelea karibu kila siku kwa wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikavurugika, au mawazo ya kujidhuru yakaja hata mara moja, hapo mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki mbili. Mwambie mtu leo. Wapo wanaojilaumu kwamba wameshindwa kutulia, ilhali walichonacho ni ugonjwa unaotibika.

Tukirudi kwa yule wa saa 8 usiku: akikaa macho kwa takriban dakika 20, atoke kitandani. Ushauri huu umo katika tiba ya kukosa usingizi tangu Richard Bootzin alipouweka mwaka 1972, na mantiki yake ni kwamba kitanda kinachotumika kuhangaikia mambo hugeuka kuwa mahali pa kuhangaika. Akae penye mwanga hafifu, aandike kiporo kinachomsumbua kwa mstari mmoja wenye siku na saa, arudi kitandani macho yakishakuwa mazito. Saa asiitazame. Na achunguze kahawa au chai aliyokunywa jioni: kwa wastani kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo ya saa 10 jioni bado ina nusu ya nguvu yake saa 3 usiku.

Vimebaki viporo visivyo na wa kumlipa. Mtu alifariki kabla hamjapatana. Mzazi hakuwahi kuomba radhi na sasa hakumbuki. Kwa hivi sijui njia fupi, na namwonea shaka anayeahidi kuwa anayo. Kinachosaidia wengi ni kuandika. James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 utaratibu ambao bado unatumika: dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo zito, ukiandika yaliyotokea na ulivyojisikia pamoja, bila kujali tahajia, bila kukusudia mtu yeyote asome. Waandikie wao, kwa jina mlilozoea kuwaita. Siku ya kwanza wengi huinuka wakiwa na huzuni zaidi ya walivyoketi, na hiyo ni kawaida. Usiifanye kazi hii usiku wa manane wala nusu saa kabla ya kikao. Ukilemewa kiasi cha kutetemeka, simama, na urudi siku nyingine ukiwa na mtu karibu. Karatasi unaweza kuzihifadhi au kuzichana. Siku ya nne, kabla ya kufunga daftari, acha mistari miwili mitupu chini ya jina lake. Huenda mwakani ukawa na la kuongeza.